Mrejesho: kitabu cha zamani cha fizikia ya angahewa

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama kitabu cha fizikia ya angahewa alichoniachia marehemu babu, kilichochapwa mwaka 1940, bado kinafaa kuwafundishia vijana hapa Tanga. Mlinishauri nianze na sura ya hewa inayopanda, nami nawashukuru sana. Hewa kavu inapopanda hutanuka kwa sababu shinikizo linapungua, na kwa kutanuka huko hupoa takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita. Lakini mvuke ukianza kugeuka matone, joto lililofichika ndani yake huachiliwa na hewa haipoi tena kwa kasi ile. Sasa ninaweza kuwaeleza vijana kwa nini upepo wa baharini, ukilazimika kupanda milima ya Usambara, hukifunika kijiji cha Amani, kilichoko huko juu, kwa ukungu na mvua ilhali huku pwani jua linawaka.

Inchi 29.92 za zebaki zilizonitatiza kitabuni ni kipimo cha shinikizo la hewa, sawa na hektopaskali 1013 za vipimo vya sasa. Sura ya utabiri nimeiacha, kwani imepitwa na wakati: setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa mwaka 1960, miaka ishirini baada ya kitabu kuchapwa. Kitabu chenyewe kiko kwa fundi, anakishona upya.