Naomba ushauri: data ninazo za kumwaga, nadharia ya nini tena?

Wakuu habari, niko Dodoma naandika tasnifu ya mvua na mavuno ya mtama huku Kongwa na Bahi, data za setilaiti ninazo kibao na kompyuta inatabiri vizuri tu ila msimamizi kagoma, anataka nadharia kwanza. Jamaa yangu wa IT anasema hayo mambo ya kizamani. Mi nasita, maana Google walianza 2008 kukadiria mafua Marekani kwa yale watu wanayotafuta mtandaoni, msimu wa 2012/13 makadirio yao yakapita hali halisi karibu mara mbili. Sasa El Niño ikija ikavuruga mvua, si ntaumbuka? Nianzie nadharia ya hali ya hewa au ya mmea wenyewe? Matusi pia napokea ila yawe na faida.