Mpambaji wa harusi mnayemjua kaniulia vyombo vyangu vya Kijapani, halafu anadai hela ya sabuni!!!

Mtunza Kauri:
Wana Tanga, nimetoka barazani kwake sasa hivi na mikono bado inatetemeka, mtanisamehe nikiandika ovyo. Jina silitaji. Mnamjua. Hakuna harusi iliyopita kuanzia Chumbageni mpaka Makorora bila vitambaa vyake vya kumetameta na yale maua ya plastiki yenye vumbi la tangu enzi za Mwinyi. Huyo huyo.

"Mwanangu, si unaona nimekung'arishia?"

Ndivyo alivyoniambia, mbele ya watu. NIMEKUNG'ARISHIA!

Nina jozi ya vyombo vya maua vya Satsuma, kauri ya jimbo la Satsuma huko Japani. Wanaojua wanajua: udongo wa rangi ya pembe, na nyufa nyembamba mno zilizosambaa mwili mzima. Si ubovu, ndivyo vinavyotoka tanurini. Vimechorwa wazee watakatifu wa Kibudha, kila mmoja ana duara la dhahabu nyuma ya kichwa, na majoho yao yana vitone vilivyoinuka, ukipapasa kwa kidole unavihisi kimoja kimoja. Kazi ya enzi za mfalme Meiji wa Japani hiyo, kati ya 1868 na 1912, Ulaya ilipokuwa inavigombania baada ya kuviona kwenye maonyesho ya Paris ya 1867. Babu yangu alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja wa mkonge huko Muheza. Mashamba yalipotaifishwa 1967 yule bwana akafungasha, akamwachia babu. Vikakaa kwenye kidaka cha bibi miaka yote hiyo. Vimepita wajukuu wanaocheza mpira sebuleni, vimepita paka, vimepita mafundi umeme. Havikupata hata mkwaruzo. Vikaenda harusi MOJA.

Wakuu, dhahabu ya vyombo hivi haiko ndani ya ule mng'ao wa kioo unaofunika udongo. Inapakwa juu, mwisho kabisa, kisha inachomwa tena kwa moto mdogo. Mtu mwenye akili anapangusa vumbi kwa brashi laini, basi. Huyu mama kachukua STILWAYA. Na jiki. Kasugua mpaka wazee wa watu hawana duara, hawana nyusi, na mmoja hana uso kabisa, limebaki joho linatembea lenyewe. Ndani kamimina jipsamu ili maua yake ya plastiki yasimame wima. Nikageuza chini nitazame alama, lile duara lenye msalaba ndani, nembo ya ukoo wa Shimazu waliokuwa watawala wa Satsuma. Nusu imekwenda. Kasugua mpaka CHINI! Hivi mtu aliyezaliwa na mama anasugua chini ya chombo cha maua anamtafuta nani?

Nikamwuliza, mama, umefanya nini? Akakinyanyua kimoja, akakigeuza geuza juani, akatabasamu. "Mwanangu, si unaona nimekung'arishia? Kilikuwa na uchafu wa manjano, nimehangaika nao usiku kucha. Utaniongeza elfu tano ya sabuni."

UCHAFU WA MANJANO. Dhahabu yenyewe, yakhe! Dhahabu!

KisamvuChaNazi:
Uzi bila picha ni umbea. Weka picha.

Binti Ngamiani:
"Limebaki joho linatembea lenyewe" 😂😂😂 nimemwaga chai kwenye kanga mpya. Pole kaka. Huyo mama namjua vizuri sana, harusi ya dada yangu tulimwagiza vitambaa vyeupe, tumefika ukumbini ni kijani kitupu. Kumwuliza, anasema kijani kina baraka.

Mjukuu wa Mkonge:
Mleta mada punguza povu. Chombo cha maua kimeazimwa kuwekewa maua, kimewekewa maua. Kosa liko wapi?

Mtunza Kauri:
Kimewekewa JIPSAMU, mkuu. Jipsamu ikishaganda ndani ya chombo chenye shingo nyembamba utaitoaje? Ukigonga kinapasuka, ukiacha ni tofali. Na kosa lenyewe nimeshalisema. Mtu kakwangua dhahabu iliyodumu zaidi ya miaka 100, halafu anakuita mwanangu na kukudai sabuni. Mimi hela hata sikumbuki. Nakumbuka lile tabasamu. Alikiinua juani kama aliyekamata kolekole!

Fundi Geti:
Bosi usilie, mimi nina rangi ya dhahabu ya kupuliza, ile ninayopigia mageti. Niletee vyote viwili, saa moja tu kazi imekwisha, na wale wazee nawachorea nyusi bure.

Mtunza Kauri:
Fundi, nakuomba kwa Mungu usije karibu na nyumba yangu.

Dalali Mstaafu:
Tuongee kweli kabla hatujalia. Una hakika ni vya Meiji? Vingi vinavyozunguka madukani vimetoka China juzi juzi tu, na chini vimepigwa muhuri wa Satsuma kwa herufi za Kizungu. Kazi ya zamani huwa na maandishi ya Kijapani, tena ya mkono. Nimeshaona watu wazima wanauziana mtumba wa kiwandani wakidhani wamepata urithi wa mfalme.

Mtunza Kauri:
Vyangu ni maandishi ya Kijapani, ya mkono, wino mwekundu na dhahabu, chini ya ile nembo. Ndiyo maana yamefutika! Na michoro ya nyuso ilikuwa na mistari myembamba ambayo bila kioo cha kukuzia huioni. Mkuu, mimi navikusanya hivi vitu, siokoti. Nina vya Imari pia, bluu na nyekundu na dhahabu, vile vilivyofinyangwa Arita huko huko Japani na kupakiwa bandari ya Imari. Hivyo sasa nimevifungia kabatini na ufunguo ninao shingoni. Hata mke wangu simwonyeshi.

Mjukuu wa Mkonge:
Mke hamwonyeshi chombo, mpambaji wa mtaani kamwazima. Tanga ina watu.

Mtunza Kauri:
Ilikuwa harusi ya mtoto wa mjomba na mjomba mwenyewe ndiye aliyeniomba. Ungemkatalia mjomba wako wewe?

Shangazi wa Raskazone:
Samahanini wanangu, mimi ninacho kimoja, kina mandhari ya ziwa na mti, na chini kimeandikwa Nippon. Ni mali hiyo?

Dalali Mstaafu:
Shangazi shikamoo. Kama ni halali, ni cha kati ya 1891 na 1921. Sheria ya forodha ya Marekani ndiyo iliyotaka kila bidhaa iandikwe nchi ilikotoka, Wajapani wakaandika Nippon, yaani Japani kwa lugha yao. Kuanzia 1921 Wamarekani wakakataa, wakataka iandikwe Japan. Ila alama ya Nippon inaghushiwa sana, lazima mtu akione kwa macho. Unakitumia?

Shangazi wa Raskazone:
Marahaba. Nawekea miiko ya jikoni.

Dalali Mstaafu:
Elfu ishirini nakichukua leo hii, na miiko yako nakuachia.

Shangazi wa Raskazone:
Nimesema nauza mimi?

Binti Ngamiani:
Shangazi usikubali!! Huyu si alisema kastaafu?

Mvuvi wa Tongoni:
Nyie mnalilia vya sebuleni. Njooni Tongoni mtazame makaburi ya wazee wetu. Zile nguzo zilipambwa kwa bakuli za kauri, zimeng'olewa zote, yamebaki matundu matupu yanakutazama. Kwa hayo hakuna aliyefungua uzi.

Mzawa wa Bagamoyo:
Kaole nasi matundu hayo hayo. Tena Kaole ni pakongwe kuliko hapo kwenu, msijitape.

Mvuvi wa Tongoni:
Nani kajitapa? Nimesema tumeibiwa, wewe unashindana hata kwa kuibiwa?

Mzawa wa Bagamoyo:
Nimeweka rekodi sawa tu. Karne ya 13 si mchezo.

Mtunza Kauri:
Wakuu mnatoka nje ya mada. Mada ni UCHAFU WA MANJANO. Mada ni mtu mzima kukinyanyua chombo juani na kusema nimekung'arishia, na watu wote pale barazani wakaitikia "kweli kimeng'aa". Wote! Mmoja akaniambia nishukuru!

KisamvuChaNazi:
Picha bado hakuna.

Mama Pilau wa Mabawa:
Watu wa harusi ndivyo walivyo, baba. Mimi sufuria yangu ya pilau, ile kubwa ya kilo ishirini, niliiazima kwa harusi hiyo hiyo ya kijani aliyoisema Binti. Imerudi imeungua chini unene wa kidole, na mfuniko hakuna. Kila nikiuliza naambiwa uko kwa fulani. Wallahi Tanga waja leo waondoka leo, ila mifuniko ikiondoka hairudi.

Binti Ngamiani:
Mama usitulaumu sisi, sisi tulirudisha sufuria na mfuniko wake, aliyeupokea ni kijana wako wa baiskeli.

Mama Pilau wa Mabawa:
Kijana yupi? Mimi sina kijana wa baiskeli.

Mjukuu wa Mkonge:
Hapa Tanga nani hana kijana wa baiskeli 😂

Mkaazi wa Duga:
Ngojeni kwanza. Huo mfuniko shikio lake limefungwa waya wa shaba?

Mama Pilau wa Mabawa:
Ndiyo!! Mwenyewe nilifunga, la awali lilivunjika.

Mkaazi wa Duga:
Basi uko kwetu, tunaanikia dagaa. Uliletwa kwenye msiba ukaachwa, tukadhani ni wa msikitini.

Mama Pilau wa Mabawa:
Dagaa! Mfuniko wa pilau! Kesho baada ya Alasiri nakuja kuuchukua, na uwe umeoshwa.

Mkaazi wa Duga:
Karibu mama. Uje na upawa wetu, ulikwenda na ile sufuria.