Mrejesho: dawa za Kikorea za kupunguza mwili baada ya kujifungua

Dada zangu, asanteni sana kwa majibu. Niliuliza kama mimi ninayenyonyesha, hapa Seoul, naweza kunywa dawa za mitishamba za kupunguza uzito zinazouzwa kwa vipakiti. Nimemwona daktari wa tiba asilia ya Kikorea, na jibu ni hapana, si sasa.

Alinishika mapigo mikono yote miwili kwa vidole vitatu, akatazama ulimi, kisha akanibonyeza ugoko. Kishimo kikabaki. Akasema uzito mwingine ni maji, si mafuta, akanituma hospitali nipime presha na mkojo. Namshukuru, nimeambiwa niko salama. Kwa tiba yao, mzazi amepungukiwa damu na nguvu. Kwanza uchafu wa uzazi utoke, mwili ujengwe, ndipo mengine yafuate. Kujinyima chakula daktari hataki hata kusikia.

La kuzingatia sana: dawa nyingi za kupunguza uzito huku zina mahwang, yaani mmea wa efedra. Inapandisha presha, moyo unakwenda mbio, usingizi unakata, na anayenyonyesha hapaswi kuitumia. Tafadhali msiagize vipakiti hivyo kwa mtu asiyewapima!

Supu ya mwani ya mama mkwe naendelea nayo, ila si kila mlo, maana mwani una iodini nyingi, na ikizidi inaweza kusumbua tezi ya shingo, yangu na hata ya mtoto. Jioni natembea taratibu. Miguu imeshaanza kunywea. Suruali za zamani bado hazipandi, na sina haraka nazo.