Majengo ya Mlimani yapewe majina ya maprofesa waliotangulia?

Changanyikeni: Wadau, naleta hoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ukumbi wa Nkrumah na hosteli za Magufuli. Nataka na majina ya waliofundisha yaandikwe ukutani: Chachage, aliyefariki 2006, Haroub Othman, 2009, na Walter Rodney. Vijana wa mwaka wa kwanza hawawajui kabisa. Mnasemaje?

Mkaa Yombo: Rodney wa nini? Mgeni yule. Alikuja, akafundisha, akarudi kwao. Tuanze na wa kwetu.

Bint Pangani: Mgeni? Shika adabu. Kitabu chake cha Ulaya ilivyoidumaza Afrika kakiandika akiwa hapa hapa Dar, kikatolewa na Tanzania Publishing House, 1972.

Mkaa Yombo: Kilitolewa London.

Bint Pangani: Kwa pamoja! Bogle-L'Ouverture London, TPH Dar. Fungua kurasa za mwanzo ndiyo unijibu.

Mkaa Yombo: Kitabu sijakikataa, nasema uraia. Na alikaa muda gani, mwaka mmoja?

Mzee Kitope: Kijana, alifundisha hapa 1966, akaenda Jamaika. Oktoba 1968 serikali ya kule ikamkatalia kushuka kwenye ndege, wanafunzi wakaingia barabarani Kingston. Akarudi kwetu 1969, hadi 1974. Kwao Guyana wakamnyima kazi chuoni, kisha akauawa kwa bomu, 79 kama sikosei.

Bint Pangani: 13 Juni 1980, Mzee wangu. Ndani ya gari, ana miaka 38.

Mkaa Yombo: Shikamoo Mzee. Bado nasema wa kwetu kwanza.

Mama Nuru: Mnagombania uraia wa marehemu, na Haroub mmeshamsahau! Nendeni Unguja, Kituo cha Huduma za Sheria, yeye ni mmoja wa waasisi. Mtu asiye na hela ya wakili anasikilizwa pale. Huo ukuta utamsaidia nani?

Desa la Mwisho: Mama kasema. Makuadi wa Soko Huria, riwaya ya Chachage, nimeisoma kwa kopi. Ukurasa mmoja mstari wa chini umekatwa na mashine, mtu kaujaza kwa kalamu ya bluu, kwa kukisia tu! Profesa mzima anakisiwa. Vichapishwe upya vitabu, majengo baadaye.

Mkaa Yombo: Nyie wa kudesa ndio mnaoua waandishi. Riwaya unatoa kopi, kisha unalia.

Desa la Mwisho: Nitajie duka. Moja tu. Nimezunguka Kariakoo hadi Mwenge.

Mkaa Yombo: Mimi ninayo, ya 2002. Nilinunua kwa hela yangu.

Bint Pangani: Nilijua! Anayo, kaifungia kabatini, halafu anatufundisha uzalendo.

Mkaa Yombo: Nikiazimisha hairudi. Wewe ungeazimisha?

Mzee Kitope: Nimeazimisha vitabu tangu kabla hujazaliwa. Zingine hazikurudi, zimesomwa.

Desa la Mwisho: Kaka, sitaki kuazima. Piga picha ukurasa ule tu, namba ya sura nakutumia sasa hivi. Nataka kujua Chachage mwenyewe aliandika nini.