Windows 7 ndani ya kompyuta mpya: VirtualBox, VMware au Hyper-V?

Mhasibu_Mwanagenzi
Wakuu, habari za wakati huu. Ofisini tuna programu ya uhasibu ya zamani ambayo inakubali Windows 7 pekee, na walioitengeneza walishafunga biashara yao miaka mingi iliyopita. Kompyuta inayoibeba imechoka, feni yake inakoroma, na wiki iliyopita ilizimika mara mbili katikati ya kazi. Bosi ameidhinisha ununuzi wa kompyuta moja, nami nimesikia kwamba Windows 7 inaweza kuendeshwa ndani ya Windows 11 kama programu nyingine yoyote. Kati ya programu zinazofanya kazi hiyo, yaani VirtualBox, VMware Workstation na Hyper-V ya Microsoft, nichukue ipi?

Fundi wa Usiku
Mkuu, umeuliza nauli bila kutaja unakokwenda. Kompyuta mnayotaka kununua ina RAM kiasi gani, prosesa yake ni ipi, na Windows 11 iliyomo ni Home au Pro? Hyper-V haimo katika toleo la Home, kwa hiyo huenda unalinganisha vitu viwili ukidhani ni vitatu. Windows 11 yenyewe inadai RAM isiyopungua GB 4, na hicho ni kiwango cha kuwaka tu. Ukiongeza GB 2 au 3 za kuigawia Windows 7, kompyuta ya GB 8 itafanya kazi huku ikihema.

Shamsa_Hifadhidata
Chukua VMware Workstation Pro. Tangu Novemba 2024 ni ya bure kwa kila mtu, hata kwa matumizi ya kibiashara, na kwa uzoefu wangu michoro ya Windows ndani yake ni laini kuliko ya VirtualBox. Kuhusu VirtualBox, uwe mwangalifu: programu ya msingi ni huru, lakini kile kifurushi cha nyongeza kiitwacho Extension Pack ni bure kwa matumizi binafsi na ya kielimu, ilhali ofisi inapaswa kukilipia, na wapo wengi wanaokiweka bila kusoma masharti.

Fundi wa Usiku
Dada Shamsa, hilo la kifurushi ni kweli, ila halimhusu sana mwenzetu. Zamani watu walikihitaji kwa ajili ya USB 2 na 3, lakini tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022 uwezo huo umo katika programu ya msingi. Hana sababu ya kukigusa.

Mhasibu_Mwanagenzi
Asanteni. Kompyuta niliyoiona ni laptopu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, na muuzaji anasema ina Windows 11 Pro. Nilisahau kueleza pia kwamba programu yetu haifunguki mpaka uchomeke kile kidude cha USB kinachofanya kazi ya ufunguo.

Fundi wa Usiku
Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza! Basi Hyper-V iondoe katika orodha, kwa sababu haina njia ya moja kwa moja ya kuikabidhi mashine pepe, yaani ile kompyuta ya kuigiza iliyomo ndani ya programu, kidude kama hicho. VirtualBox na VMware zote mbili zinaweza: unakichagua kwenye menyu, Windows 11 inakiachia, na Windows 7 inakiona kana kwamba kimechomekwa kwake. Kabla ya kulipa hata shilingi, omba kukijaribu.

Mzee wa Kiini
Nami nashangaa mnavyong'ang'ania Windows juu ya Windows. Wekeni Linux chini, kisha mtumie KVM, nyenzo ya mashine pepe ambayo imo ndani ya kiini (kernel) cha Linux tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Haikuombi leseni, na ufunguo wa USB inaupitisha bila shida.

Shamsa_Hifadhidata
Mzee, heshima yako, lakini mtu anayeuliza swali hili hatamaliza wiki na KVM kabla ya kukupigia simu saa nne usiku.

Mama Leja
Nitaeleza kwa kirefu yaliyonikuta, kwa sababu naona mnazungumzia programu tu na hakuna aliyegusa nakala rudufu. Nilikuwa na mashine pepe ya mishahara, na kila mwisho wa mwezi nilipiga snapshoti, yaani nilihifadhi hali ya mashine ilivyo ili niweze kuirudia, nikiamini kwamba hizo ndizo nakala zangu. Sikujua kwamba unapopiga snapshoti, faili la diski la awali linagandishwa, na mabadiliko yote yanayofuata yanaandikwa katika faili jipya linalolitegemea lile la kwanza. Snapshoti ya pili nayo inazaa faili la tatu linaloyategemea yote mawili, na mnyororo unaendelea hivyo hivyo. Baada ya miezi kumi na mmoja diski ilijaa na mashine ikasimama. Ningeziondoa snapshoti kwa menyu ya programu yenyewe, mafaili yangeunganishwa kwa utaratibu, ingawa hata kazi hiyo inadai nafasi ya ziada ambayo sikuwa nayo. Mimi nilifungua folda na kufuta kwa mkono mafaili mawili niliyoyaona ya zamani. Nilikuwa nimeukata mnyororo katikati. Mashine haikuwaka tena, na mishahara yote niliiandika upya kutoka kwenye vocha za karatasi kwa siku tisa, mwanangu aliyekuwa likizo akinisomea tarakimu. Programu haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa langu. Siku hizi naizima mashine pepe kila Ijumaa, nanakili folda yake nzima kwenye diski ya nje, kisha naichomoa na kuifungia kabatini.

Fundi wa Usiku
Pole sana, Mama. Hata hivyo snapshoti si adui: ipige kabla ya kubadilisha jambo, na ukiridhika iondoe ndani ya siku mbili tatu.

Kobe_wa_Kijani
Jina langu lina historia katika mada hii. Windows 11 mara nyingi huja na ulinzi wa kumbukumbu unaotumia tabaka lile lile la Hyper-V, na ulinzi huo ukiwa umewashwa, VirtualBox haiishiki prosesa yenyewe, inapitia juu ya tabaka hilo. Utaona alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha, na kasi itakuwa ya kobe kweli.

Shamsa_Hifadhidata
Ndiyo maana nikasema VMware.

Kobe_wa_Kijani
VMware nayo hupitia tabaka hilo hilo katika hali hiyo, ila haikuchorei kobe.

Mama Leja
Mwanagenzi, je, utaisakinisha Windows 7 upya au utaihamisha ile iliyopo? Ukitaka kuihamisha, Disk2vhd ya Microsoft inageuza diski nzima kuwa faili moja ambalo VirtualBox hulisoma. Ikikuonyesha skrini ya bluu yenye 0x7B, badilisha kidhibiti cha diski kutoka SATA kwenda IDE. Jiandae pia kuombwa uamilishaji, yaani kuithibitisha leseni upya, kwa kuwa leseni iliyokuja na kompyuta kwa kawaida imefungwa na kompyuta ile ile. Na kwa kuwa Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya bure tarehe 14 Januari 2020, izimie kabisa mtandao.

Mzee wa Kiini
Leseni tena. Mimi nilisema mapema.

Mhasibu_Mwanagenzi
Nitaihamisha, maana diski za kusakinishia hatuna. Jumamosi nakwenda dukani na ufunguo wa USB mfukoni, na nitamuuliza muuzaji kama RAM inaweza kuongezwa ifike GB 16. Kuhusu programu, bado nasitasita kati ya hizo mbili.

Fundi wa Usiku
Ukiwa dukani, ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uone kama VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, imewashwa, kwa sababu bila hiyo hakuna kati ya hizo mbili itakayokusaidia. Laptopu nyingi za mtumba zilitoka maofisini, na BIOS zake bado zina nywila za wenyewe. Muuzaji anayo nywila?

Mhasibu_Mwanagenzi
Nimempigia sasa hivi. Anasema BIOS ndiyo nini.