Jerk, jolt, judder au knock? Naomba ulinganisho kabla sijamwandikia muuza vipuri

Mwalo_Igombe: Wakuu, heshima kwenu. Mjomba ana mtumbwi wa mashine hapa Igombe, ile mashine ya kuchanganya oili kwenye petroli. Muuza vipuri yuko nje na anajibu kwa Kiingereza tu. Nilimwandikia kwamba injini inafanya *shaking*, akanirudishia maswali chungu nzima. Hali yenyewe ni hii: ukiingiza gia inapiga kishindo kimoja. Mwendo wa kati inatetema mpaka mkono unakufa ganzi. Ukiongeza mafuta, mtumbwi unavutavuta, unakwenda unasita. Kamusi inanipa jerk, jolt, judder, lurch na knock, na tafsiri karibu zote ni "mshtuko" au "mtikisiko". Niandike lipi?

Ticha_Nyegezi: Kaka, hesabu kwanza kinatokea mara ngapi. *Jolt* ni pigo moja linalomrusha mtu, kama basi la Musoma likipita tuta bila kupunguza mwendo. *Jerk* ni mvuto wa ghafla, kitu kinanyakuliwa kisha kinaachiwa. Ukijirudia unasema mwendo ni *jerky*. *Judder* ni mtetemo mzito, wa haraka, usiokatika. Kwa hiyo mkono kufa ganzi ni judder, na kuvutavuta ni jerk. Jerk likitajwa kumhusu mtu ni tusi, hasa kwa Wamarekani, ila kwa mashine halina ubaya wowote.

Fundi_Kirumba: Ticha yuko sawa kwa lugha, ila mimi judder nisingeiandika. Ni neno la Waingereza zaidi, na huyo muuzaji huenda naye Kiingereza amekisoma darasani kama sisi. Andika *vibrates*, kila fundi duniani analijua.

Halafu mkuu, *knock* usiliguse kabisa! Kwa mafundi knock ni ugonjwa wenye jina. Ama petroli inalipuka yenyewe ndani ya silinda bila kungoja moto wa plagi uifikie, ama beringi za ndani zimelika na chuma kinagonga chuma. Ukiandika hivyo atakuuzia vitu vya kufungua injini nzima, na wewe shida yako ni kishindo cha gia. Hicho kinaitwa *clunk*. Tena kidogo ni kawaida kwa mashine za mtumbwi, kwa sababu gia zake zinaumana kwa meno, hazina klachi ya kuteleza kama gari. Kikiwa kikubwa, angalia sailensa isiwe juu mno.

Binti_Nansio: Sailensa tena? Unamaanisha mzunguko injini ikiwa haina mzigo?

Fundi_Kirumba: Ndiyo dada, sailensa ya mafundi. Bomba la moshi sisi tunaliita ekzosi.

Binti_Nansio: Haya. Mimi niongezee *lurch*, maana mmeliruka. Hilo ni la chombo chenyewe, si la injini: meli inapoyumba ghafla upande mmoja na watu wanashika vyuma. Kuyumba kwa kawaida, kushoto na kulia, ni *roll*. Omo, yaani mbele ya chombo, kupanda na kushuka ni *pitch*. Mtumbwi wa mjomba haulalii upande, kwa hiyo lurch weka kando.

Ticha_Nyegezi: Nakubali vibrates. Ila kwenye kusita nabaki na jerk.

Fundi_Kirumba: Jerk inaeleza anachohisi abiria. Fundi anataka kujua injini inafanya nini. Andika *hesitates*, injini inaitika kwa kuchelewa. Akisikia hivyo atawaza mafuta: maji kwenye petroli, chujio limeziba, kabureta chafu. Na kabla hujanunua chochote, mkuu, toa propela. Bawa likipinda, au uzi wa nyavu ukijisokota kwenye shafti, mashine itatetema hata ukiifunga vipuri vipya vyote.

Mwalo_Igombe: Asanteni sana wakuu. Nimeandika hivi: *It clunks when I shift into gear, vibrates badly at medium speed, and hesitates when I open the throttle.* Propela naitoa kesho asubuhi tukishusha dagaa. Sasa yule mpira wa kubana wa kusukuma petroli kutoka kwenye tangi, Kiingereza chake ni nini?

Fundi_Kirumba: *Primer bulb.* Ubane mashine ikianza kusita. Ikichangamka, tatizo ni mafuta hayafiki.