MJADALA: Paswedi ya databesi ikae ndani ya WAR au nje?

Fundi_Seva: Wakuu, tulijadili hili bila povu. Tuna mfumo wa malipo wa Java, uko kwenye Tomcat, seva inayoendesha programu za Java. Madivelopa wanatuletea WAR mbili (faili moja lililofungashwa lenye programu nzima, kama zip), ya majaribio na ya laivu, tofauti yake ni application.properties ya ndani tu, lile faili la seting'i. Juzi ya majaribio ikapandishwa laivu. Mimi nasema WAR iwe moja, seting'i zikae kwenye seva. Wao hawataki mtu wa seva aguse konfigi. Na hivi madivelopa wa siku hizi hata kufungua WAR kwa WinRAR hawajui?

BintiJava: WinRAR!! Kumbe ni nyie. Mnabadilisha paswedi humo humo laivu, hamsemi kwa mtu. Toleo jipya likija Tomcat inafuta folda yote na kuifungua upya, halafu saa nane usiku anapigiwa simu divelopa.

Fundi_Seva: Nimesema kufungua, sijasema kubadilisha. Soma vizuri dada.

BintiJava: Unafungua kuangalia mandhari?

Mzee_JNDI: Hili lilishakwisha zamani. conf/Catalina/localhost/malipo.xml, faili la Tomcat lenyewe, weka Resource ya databesi humo, yaani maelezo ya kuiunganisha na paswedi yake, programu iiombe kwa jina kupitia JNDI. WAR haijui paswedi kabisa. Ila watoto wa Spring Boot, hiyo fremuweki yenu ya Java, kila kitu lazima mkianze upya.

kodi_na_chai: Shikamoo mzee. Kuna jamaa alifuta WAR ya zamani kwanza ndipo aweke mpya. Tomcat ikahesabu kuwa programu imeondolewa, ikaifuta na hiyo XML. autoDeploy (Tomcat kupandisha na kuondoa programu yenyewe) ikiwa imewashwa ndivyo inavyofanya, wameandika wenyewe.

Mzee_JNDI: Marahaba. Sasa nani anaacha autoDeploy laivu?

BintiJava: Nchi nzima.

Mwana_Kontena: 😂 Mambo ya kale haya. Jamaa wa Heroku, wale wa kuhosti programu, walishaandika 2011 sijui 2012: konfigi ikae kwenye env, vigeu vya mazingira ambavyo programu inavisoma ikiwaka. SPRING_DATASOURCE_PASSWORD, kwaheri.

Fundi_Seva: Kwenye Tomcat hiyo env unaiandika wapi? setenv.sh. Si bado ni faili la kwenye seva, ninalolishika mimi? Na wengi humo wanaandika -D, paswedi inakaa kwenye amri ya kuwasha Java. Mwenye akaunti yoyote kwenye mashine akipiga ps aux, amri ya kuorodhesha prosesi, anaisoma paswedi kama gazeti. Env angalau wanaoisoma ni root (msimamizi mkuu) na mwenye prosesi.

Mwana_Kontena: Nani kataja Tomcat? Hamia kontena, programu inafungashwa na mazingira yake.

Fundi_Seva: Bosi wangu utamlipia wewe?

Mzee_JNDI: Na mjue kitu kimoja. Ukiweka JNDI, -D na env kwa pamoja, Spring Boot inaanza kuchukua ya JNDI. Hata mtoto anamjua mkubwa wake.

BintiJava: "Mtoto" mara ya pili hiyo. Mzee, mfumo wenu wa XML hakuna aliyeuweka kwenye Git, inakotunzwa kodi na historia yake, ulikaa kichwani kwa mtu mmoja. Akaacha kazi. Tukaanza kubahatisha majina ya Resource sisi watoto.

Mzee_JNDI: Git haijakatazwa kwa XML, binti.

BintiJava: Na paswedi ndani yake? Hongera.

kodi_na_chai: Tukiacha hayo, faili za seting'i mnaandika kwa YAML au properties? Namba ya simu ya huduma kwa wateja, tarakimu zote chini ya nane, iliandikwa bila alama za kunukuu. Sifuri ya mbele ikafanya isomwe kwa msingi wa nane. Wateja wakaonyeshwa namba ya ajabu.

Mwana_Kontena: Kosa la aliyeandika, si la YAML.

BintiJava: Lugha inayogeuza namba ya simu kimyakimya halafu kosa ni la mtu?

Fundi_Seva: Jamani, WAR moja au mbili?

Mzee_JNDI: Properties haina ujinga huo. Miaka yote namba ni maandishi.

Mwana_Kontena: Properties ambayo ukiweka herufi ya Kiarabu inatoa maruweruwe? Ile Latin-1 yenu, usimbaji wa herufi za Ulaya Magharibi?

Mzee_JNDI: Paswedi yako ina Kiarabu?

Mwana_Kontena: Majina ya wateja wetu Muscat yanayo.

BintiJava: Majina ya wateja yanafanya nini kwenye faili la konfigi???